Mwaka wa Kuandika Zamu ya Maji

Zefania alishuka kwenye basi pale Same akiwa na fimbo, kofia ya pama na kikapu cha ndizi za kwao Ngujini, na kabla hata hajageuza uso nilishamjua kwa namna alivyosimama: kichwa upande, jicho moja limefinywa, akipima mwanga wa jua kana kwamba mtu anamsubiri awashe kamera. "Dada Nakijwa," akasema, "mwenzio nilishakuzika." Nikamjibu kwamba mimi nilishamlilia kitambo, kwa hiyo anirudishie machozi yangu. Tulicheka mpaka kondakta akatugeukia. Alikuwa njiani kwenda kwa mwanawe Dar es Salaam, akaomba alale kwangu usiku mmoja, na mpaka leo nafurahi kwamba usiku huo mmoja uligeuka kuwa wiki nzima. Jioni ile ile tulikuwa mezani tunakunywa chai. Mjukuu wangu Neema, ambaye anasomea mambo ya filamu, alikuwa amefungua kompyuta yake katikati ya vikombe na alikuwa anavuta pumzi ndefu. "Bibi, hii montaji inanitesa," akasema. "Picha nyingi fupi fupi zinazopitisha msimu mzima. Sijui niziandikie vistari au niweke herufi." Zefania akaweka kikombe chini taratibu. "Muulize bibi yako," akamwambia. "Huyu aliwahi kugombana na Mzungu kwa ajili ya herufi."

Neema alidhani ni utani. Nilimsimulia usiku ule, na kwa kuwa aliniambia niandike, ninaandika. Sitaeleza nilivyozaliwa wala baba yangu alikuwa nani. Wazee wangu walishasifiwa vya kutosha siku walipozikwa. Naanzia kwenye chumba. Kilikuwa nyuma ya duka la Mhindi mmoja, karibu na stesheni ya reli, chenye paa la bati na dirisha moja lililotazama milimani. Waingereza walikuwa wanatawala bado, na mimi nilikuwa mwalimu kijana niliyejifunza kupiga taipureta katika ofisi ya misheni. Idara ya serikali iliyokuwa inatengeneza filamu za kuwafundisha watu kilimo ikaomba mtu wa kuandika Kiswahili na kupiga chapa, shule ikaniazima kwa mwaka mmoja. Mchana bati lilitoa joto la tanuri, vumbi la tambarare likaingia chini ya mlango, na ukiinua macho dirishani unaona ukungu umekaa juu ya milima ya kwetu huko kwenye baridi, unatamani kulia. Nilikipenda chumba kile. Kilikuwa na harufu ya mafuta ya taa, wino na makande, kwa sababu mama aliyetupikia alijua kupika makande peke yake, na hakuona aibu kutuambia hivyo.

Tulikuwa watatu. Bosi alikuwa Bwana Tomlin, Mwingereza mrefu mwenye masikio mekundu, mpole, aliyekula makande kwa kuyapaka jamu ya machungwa. Zefania alikuwa msaidizi wa kamera. Alibeba ile miguu mitatu ya kamera begani na kushika kibao cha namba mbele ya kila picha. Mimi Mpare wa upande wa Gonja na yeye Mgweno, kwa hiyo kila mmoja akiongea kilugha chake mwenziwe anabaki kutabasamu, tukakutana kwenye Kiswahili. Alinitania kwamba sisi wa kusini tunaongea kama tunahesabu maharage. Nilimwambia wao wa kaskazini wanaongea kama wamekwisha yala. Bwana Tomlin alituuliza tunachekea nini, na tulipomfasiria alicheka kwa kuchelewa, baada ya sisi kunyamaza. Sasa nikimkumbuka namwona alikuwa mpweke kuliko tulivyodhani. Wakati ule nilimwona mzee, na nadhani hakufika hata arobaini.

Yeye ndiye aliyenifundisha kuandika filamu. Karatasi uligawa kwa mstari kutoka juu hadi chini: kushoto picha, kulia maneno atakayosoma msimulizi. "Kushoto usiandike kisichoonekana," alisema. "Kulia usiandike kinachoonekana." Wiki ya kwanza niliandika upande wa kushoto: Mkulima anawaza kuhusu mvua. Akaniuliza kamera itaonaje. Nikaandika: Mkulima anatazama mawingu. Akaitikia kwa kichwa kwa furaha, akajipakulia jamu. Tangu hapo nikawa mgonjwa wa ugonjwa huo. Nikisali kanisani nikawa natafuta namna ya kuandika sala upande wa kushoto. Kila tukio lilikuwa na namba yake, mahali pake, na kama ni asubuhi au jioni. Niliandika kwanza kwa Kiswahili, halafu tukakaa naye tukageuza kwa Kiingereza, kwa sababu filamu ikishapigwa ilipelekwa kwa meli mpaka London, na huko kulikuwa na fundi wa kukata na kuunga vipande ambaye hajawahi kuiona Same wala kusikia habari zake. Yule fundi alikuwa na vitu viwili tu mezani kwake: mikanda yetu na karatasi zangu.

Filamu ya mwaka ule ilihusu maji ya mfereji. Kwetu milimani tuna ndiva, mabwawa madogo yaliyochimbwa na mababu, yanayojaa usiku kutoka kwenye kijito na kufunguliwa asubuhi ili maji yashuke mashambani wakati wa kiangazi. Serikali iliona ni jambo zuri la kuwaonyesha watu wa mahali pengine. Bwana Tomlin alitaka sehemu moja katikati ya filamu ionyeshe kiangazi chote kwa mkupuo: maji yanafunguliwa, yanakwenda kwa huyu, kwa yule, maharage yanachipua, yanatoa maua, yanavunwa. Wakubwa wake walikuwa wamemwandikia kwamba Waafrika hawawezi kufuata picha za kurukaruka. Mtu akitoka nyumbani kwenda shambani, basi aonyeshwe anatembea njia nzima. Bwana Tomlin aliona haya kutusomea barua hiyo, lakini alitusomea. Zefania alikuwa anafuta lenzi. "Bwana," akasema, "mama yangu akirudi shamba husema, tumelima, tumepanda, tumevuna. Hakuna aliyewahi kumuuliza katikati alilala wapi." Bwana Tomlin akaikunja barua ile akaiweka chini ya mguu wa meza uliokuwa mfupi.

Tulipanda Gonja kwa lori, tukipitia Kisiwani, halafu tukapandisha kwa miguu mpaka kijiji alichoolewa shangazi yangu Namkunda. Alikuwa dada wa baba yangu na mjane wa mwaka wa pili. Bwana Tomlin na Zefania walilala kwenye nyumba ya mwinjilisti, mimi nikalala kwa shangazi, jikoni, karibu na mafiga, na sijawahi kulala vizuri zaidi. Asubuhi nilisikia kwanza maji ya mfereji, halafu kikohozi chake, halafu kifuniko cha sufuria. "Shikamoo shangazi." "Marahaba mwanangu. Hao wageni wako wanakula nini?" Nilimwambia kuhusu jamu. Aliweka mwiko chini akacheka mpaka akashika ukuta. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye mikono mikubwa, asiyependa kuonewa huruma. Ukimpokea mzigo alikuuliza kama ameshakuwa mgonjwa.

Jikoni kwake ndiko nilikosikia jambo ambalo karatasi zangu zilikuwa zinalivamia bila mimi kujua. Mzee Mrutu, msimamizi wa ndiva, alikuja siku moja jioni, akakaa nje kwenye gogo pamoja na shemeji yake shangazi, Kajiru, mdogo wa marehemu mume wake. Ukuta wa fito ulikuwa na udongo uliobanduka, kila neno likapita. "Shemeji mikono yake imechoka," Kajiru alisema kwa sauti nzuri. Alikuwa na sauti nzuri na meno mazuri, na alijua. "Zamu ile ilikuwa ya kaka. Iingie kwangu, mimi nitampa maji akihitaji." Mzee Mrutu akajibu kwamba mjane anayelima ana zamu. "Analima kwa siku ngapi tena?" akauliza Kajiru. "Basi baraza litaamua," akasema Mrutu, ambaye aliogopa ugomvi kuliko nyoka. Shangazi alikuwa anachambua maharage. Hakuinua kichwa. Walipoondoka akaniambia, "Nikianza kumwomba Kajiru maji, mwaka huu ataniambia kesho, mwaka kesho ataniambia shamba limekauka, aliuze. Unaelewa?" Nilielewa. Lile shamba ndilo lililokuwa linamfanya awe mtu wa kujitegemea pale, na bila zamu ya maji lilikuwa kipande cha udongo mgumu.

Zamu zilikuwa na mpangilio ambao mtoto wa shule aliujua. Mzee Mrutu kwanza, kwa kuwa ndiye mwenye kizibo cha ndiva. Kisha shangazi, ambaye shamba lake lilikuwa chini ya la Mrutu. Kisha Kajiru, chini ya shangazi. Kisha wengine. Kila mtu siku yake. Na kulikuwa na desturi ya kupokea: maji yakifika kwenye mpaka wako unasimama na jembe unaita kwa sauti, "Nimepokea!" Kutoka juu wanakuuliza, "Kutoka kwa nani?" Unataja jina la aliyekutangulia. Mlima una matuta na migomba, mtu wa juu hamwoni wa chini, kwa hiyo bila kuitana maji yangeibwa. Kiangazi kile, kwa mara ya kwanza, Kajiru alipoulizwa alikuwa anajibu, "Kutoka kwa Mrutu." Alimruka shangazi kana kwamba shamba lake ni njia tu. Mara ya kwanza niliposikia, shangazi alikuwa ameinama kwenye tuta. Akakaa vile vile ameinama muda mrefu, halafu akaendelea kupalilia. Niliumia kuliko ningepigwa mimi.

Kupiga picha kulikuwa kazi ya vituko. Bwana Tomlin alidhani kila kitu kitakwisha kwa siku mbili. Kila mwenye shamba atafungua mfereji kidogo, kamera izunguke, mtu afunge. Hakuna aliyekubali. "Leo siyo siku yangu," walimwambia mmoja mmoja. Aliwaeleza kwamba ni kuigiza tu. Shangazi akamjibu kwa upole kabisa, "Bwana, nikiigiza na maji ya mwenzangu, yeye atakunywa maigizo?" Nilimfasiria neno kwa neno. Masikio ya Bwana Tomlin yakawa mekundu zaidi, lakini akawa anatabasamu, na tukabaki kijijini mpaka zamu ilipozunguka yote. Zefania alishukuru, kwa sababu pale kwa mwinjilisti kulikuwa na maziwa ya mgando. Machipukizi, maua na mavuno tuliyapiga humo humo, kwenye mashamba yaliyopandwa kwa kupishana. Siku ya Mzee Mrutu mwanga ulikuwa wa kawaida. Siku ya shangazi mawingu yalishuka, kamera ikapata picha ya mgongo wake na ya maji miguuni pake, maana alikuwa anafanya kazi kweli na hakukumbuka kugeuka. Siku ya Kajiru jua lilichomoza kutoka nyuma ya mlima, maji yakang'aa, na Kajiru mwenyewe alikuwa amevaa shati jeupe la Krismasi. Alisimama na jembe lake kama askari wa gwaride. Bwana Tomlin aliweka mkono kifuani. "Hii," akasema, "ndiyo itakayofungua ile sehemu ya kiangazi."

Neno hilo lilinikaa kichwani njia nzima ya kurudi Same. Watu walishajua kwamba filamu ikirudi itaonyeshwa Gonja, na Mzee Mrutu alikuwa amesema baraza la maji litakaa wiki itakayofuata onyesho hilo. Nilijua watu wetu. Wangeona Kajiru anapata maji kwanza, kwenye shuka jeupe la sinema, mbele ya mashemeji na wajukuu, filamu ya serikali, na kwao ile isingekuwa picha nzuri ya kufungulia. Ingekuwa zamu. Wakubwa wa Bwana Tomlin waliamini wangeshindwa kufuata kwa sababu picha zingekwenda haraka mno. Mimi niliogopa kinyume chake; niliogopa kwamba wangefuata kila picha, wa kwanza awe wa kwanza, wa pili awe wa pili, na aliyekosekana awe hayupo.

Karatasi ya sehemu ile ya kiangazi Bwana Tomlin aliiandika mwenyewe kwanza, na mpaka sasa naikumbuka ilivyokaa. Juu aliweka kichwa kwa herufi kubwa, MFUATANO WA PICHA, na chini vistari: kistari, maji yanang'aa, kistari, mikono, kistari, jembe, kistari, maua ya maharage. Hakuna jina, hakuna namba. Nilimuuliza yule fundi wa London atajuaje lipi litangulie. "Hatajua, na ndiyo raha yake," akasema. "Vistari vinamwambia: hizi ni shanga, tunga upendavyo. Ukimwekea herufi unamfunga mikono." Nikamwambia basi nataka kumfunga mikono. Alicheka, halafu akaona mimi sicheki. Mama wa makande alikuwa ameleta sahani, zilikaa zikapoa. Nilimweleza yote, kuhusu Kajiru, kuhusu baraza, kuhusu shangazi aliyeinama kwenye tuta. Haikuwa rahisi, maana wakati ule msichana wa Kipare hakumwambia bosi Mzungu kwamba kazi yake itamwumiza mtu, na shule ingeweza kuniita nirudi, au ikatae kunipokea tena kabisa. "Mwalimu," akasema mwishoni, "hii ni filamu ya maji, siyo ya shangazi yako." Zefania alikuwa mlangoni, kibao cha namba mkononi. "Bwana," akasema, "kule juu ulikaa wiki nzima ukisubiri siku ya kila mtu. Mbona uliwasubiri?" Bwana Tomlin akaishika sahani yake, akaigeuzageuza. "Picha ya mgongo wa yule mama ni mbaya," akasema. "Hata nikikubali herufi, yule fundi ataitupa. Mimi ningeitupa." Lakini alinisukumia taipureta.

Nilikaa nayo mchana wote. Hapo ndipo nilipojifunza kazi yangu kweli, na nilimwambia Neema hivyo, kwamba kuweka herufi ni nusu tu. Herufi inamwambia fundi nini kifuate nini, haimwambii kwa nini, na mtu asiyeambiwa kwa nini atakata. Nilihitaji kuandika kila mstari ufungwe kwenye ule uliotangulia, ili akiondoa mmoja unaofuata ukose maana. Nikafuta, nikaanza upya, nikaharibu karatasi za kaboni kiasi kwamba Zefania akasema nimeanza biashara ya masizi. Picha moja kwa kila mstari. Sentensi fupi. Hakuna mawazo ya mtu. Mwishoni ilikaa hivi:

MFUATANO WA PICHA: ZAMU YA MAJI. KWA MPANGILIO HUU.
A. Ndiva imejaa. Mzee Mrutu anazibua kizibo. Maji yanaingia shambani kwake.
B. Maji yaleyale yanatoka mpaka wa Mrutu. Mama Namkunda, mgongo kwetu, anayapokea kwa jembe.
C. Maji yaleyale yanapita chini ya miguu ya Mama Namkunda, yanatokea kwa Kajiru. Jua. Kajiru anayapokea.
D. Maji yaleyale, shamba linalofuata. Maharage yanachipua.
E. Maji yaleyale, shamba la mwisho. Maua.
F. Mavuno. Mikono ya wote kwenye ungo mmoja.
MWISHO WA MFUATANO.

Ule mstari wa mwisho niliongeza mwenyewe, ili fundi ajue pa kurudi kwenye mwendo wa kawaida. Na upande wa kulia, upande wa maneno, sikuandika kitu. Bwana Tomlin aliuliza kama nimesahau. Nikamwambia sijasahau, kila ninachotaka kusema kinaonekana. Alisoma mara ya pili akinong'ona, akafika kwenye C, akaweka kidole hapo. "Sasa picha nzuri ya Kajiru haiwezi kuanza bila miguu ya shangazi yako," akasema. "Ndiyo, Bwana." "Ujanja huo umefundishwa na nani?" Nikamwambia ni yeye. Akatia sahihi, na mimi nikatoka nje nikasimama nyuma ya stesheni. Nilikuwa na furaha isiyo na mahali pa kuiweka. Treni ya Tanga ilipita na nikawapungia watu nisiowajua.

Miezi iliyofuata ilikuwa mizuri na ya kawaida. Tulipiga filamu nyingine ya mbuzi. Zefania alinifundisha kuendesha mashine ya kuonyeshea, nami nikamfundisha taipureta, akawa anapiga kwa vidole viwili akitukana kwa Kigweno. Watu walidhani tutaoana. Hatukuoana; yeye alikuwa na mchumba Ngujini, na mimi nilimpata mtu wangu baadaye, na sote wawili tulipata bahati. Jioni ya chai hapa Same tulizungumza jambo hilo kwa mara ya kwanza, kwa utulivu kabisa, Neema akijifanya anaandika. "Ungenichosha," Zefania akasema. Nilikubaliana naye.

Filamu ilirudi baada ya Krismasi kwenye makopo ya bati, na hatukuwa na muda wa kuitazama kabla. Bwana Tomlin alitaka iende moja kwa moja. Gari la sinema lilifika mwisho wa barabara, kwenye uwanja wa shule, na watu waliteremka kutoka vijiji vyote vya juu tangu alasiri, wengine na viti vyao vichwani. Shuka lilifungwa kwenye nguzo mbili. Mimi nilipewa kipaza sauti, nisome safu ya kulia. Shangazi alikaa mbele kwenye mkeka, kanga mpya, mikono mapajani. Kajiru alikaa pembeni na jamaa zake, shati lile lile jeupe. Giza lilipoingia Zefania akawasha mashine, nami nikasoma kuhusu vijito, kuhusu msaragambo, ule ushirika wa kijiji wa kutengeneza bwawa, watu wakitaja majina ya kila aliyeonekana amebeba udongo. Halafu nikafika mahali ambapo karatasi yangu ilikuwa tupu. Nikaweka kipaza sauti chini. Mpaka dakika ile sikujua kama yule fundi alinisikiliza.

Ndiva ikatokea, imejaa. Mzee Mrutu akazibua. Kwenye kiti chake gizani, Mzee Mrutu mwenyewe akaita kwa Kipare, kwa mazoea tu, nadhani, kama mtu anayejibu jina lake: "Maji yanashuka!" Watu wakacheka, lakini kidogo. Halafu mgongo wa shangazi ukajaza shuka lote, mkubwa kuliko nyumba, jembe likaanguka, maji yakaingia. Ilikuwa fupi mno. Shangazi alikuwa ameshika mdomo. Watu sasa walikuwa wanangoja aite kwamba amepokea, wito haukuja, na picha haisubiri. Maji yakapita chini ya miguu yake, yaleyale, kila mtu aliyaona, yakatokea upande wa pili kwenye jua, na Kajiru akasimama pale katika uzuri wake wote. Uwanja mzima ukapumua. Kajiru hakuweza kujizuia. Alisimama, akainua mkono, akaita kwa ile sauti yake nzuri, "Nimepokea!"

"Kutoka kwa nani?" akauliza Mzee Mrutu.

Kajiru aliwatazama jamaa zake. Kwenye shuka maharage yalikuwa yanachipua, lakini hakuna aliyeyatazama. Bibi mmoja nyuma yangu akasema, "Tumeona wote, baba, taja." Wengine wakaanza, "Taja, taja," kwa kucheka bila ubaya, kama tunavyomfanyia bwana harusi anayesita. Nadhani kama wangemkasirikia angekataa. "Kwa mke wa kaka," akasema. "Jina!" wakasema. Akatazama chini, akatazama shuka, kisha akatabasamu na yeye, tabasamu la mtu aliyekamatwa na picha yake mwenyewe.

"Kutoka kwa Namkunda," akasema.

Mzee Mrutu alisema pale pale, kwa sauti ya mtu aliyetuliwa mzigo, kwamba hilo basi baraza halina haja ya kulijadili tena. Bwana Tomlin alikuwa ananivuta mkono akiuliza wamesema nini, wamesema nini, na mimi nilikuwa nalia na sikuweza kumfasiria. Filamu ilikwisha. Watu walikuwa wanaanza kukunja mikeka shangazi aliponyanyuka akaja mpaka kwenye mashine, akamwambia Zefania, "Mwanangu, mimi sikuona vizuri. Ilikimbia, na sikupata kuitika. Irudishe." Zefania alinitazama, akamtazama Bwana Tomlin, kisha akaanza kurudisha mkanda kwa mkono, bila haraka, na watu wakakaa tena chini. Shangazi hakukaa. Alijifunga kanga yake upya, akasimama mbele ya watu wote, ndiva ikatokea, Mrutu akazibua, na mgongo wake ulipofika aliita kama anayeita ng'ambo ya bonde, "Nimepokea kutoka kwa Mrutu!"

Na Kajiru, bila kuulizwa na mtu, akaita baada yake, "Nimepokea kutoka kwa Namkunda!"